Mpaka Niliounyoosha

Kazi yangu ni kuwafundisha wakulima wa Kitale kupanga msimu kwa simu. Nitaeleza kidogo jinsi inavyofanyika, maana bila hilo hutaelewa nilichokifanya nyumbani kwetu.

Kwanza unalizunguka shamba lako kwa miguu, simu mkononi. Kila baada ya hatua chache, programu inaweka nukta. Ukirudi pale ulipoanzia, inaziunganisha nukta zote na kukuchorea mpaka. Ndani ya mpaka huo unapanga kazi zako: kulima mwezi wa pili udongo ukiwa mkavu, kupiga haro kuvunja mabonge mvua za kwanza zikigusa, kisha kupanda. Ramani hiyo unaweza kumtumia dereva wa trekta, naye akaifuata bila kukupigia kila saa. Usiogope, huwa nawaambia. Ukiweza kutuma ujumbe, hili pia utaliweza. Ninachosisitiza ni kimoja tu: usisimame njiani. Ukisimama, nukta zinarundikana mahali pamoja kama sisimizi kwenye sukari.

Shamba letu liko upande wa Malakisi, na aliyelichora ni kaka yangu. Nilimfundisha mwenyewe alipokuja kunitembelea, akarudi akalizunguka peke yake. Mwaka jana, baada ya mavuno, aliugua siku chache akafariki. Mwezi wa pili ulipofika, kupanga msimu kuliniangukia mimi. Nilikuwa na nenosiri lake.

Nilipofungua nilimkuta. Sijui niliseme vipi vingine. Vikumbusho alivyojiwekea vilikuwa bado vinanijia kimoja kimoja: "Mbegu mapema mwaka huu." "Mama apate maharage ya nyuma ya jiko." Na mpaka ulikuwa hatua zake zenyewe. Nilizifuata kwa kidole, polepole, kama mtu anayemfuata mwenzake aliyetangulia. Upande wa chini, karibu na kijito, mstari uliacha njia, ukaingia ndani ya shamba, ukazunguka kitu kisichoonekana, ukatoka tena. Hapo nukta zilikuwa rundo. Alisimama, na alisimama sana.

Nilitabasamu. Nilidhani alipigiwa simu. Nikafanya ninachowafanyia wakulima wengi: nikalifuta lile pindo, nikaunyoosha mstari, nikahifadhi. Programu hiyo hutunza mpaka wa mwisho tu. Kisha nikamtumia dereva ramani.

Siku ya kulima nilishuka kutoka Kitale mapema. Dereva alikuwa mtu wa maneno.

"Madam, hii shamba umeinyoosha kama lami! Leo sigeuki-geuki."

Alianzia chini, kando ya kijito. Alikuwa ameenda na kurudi mara moja mama alipotoka jikoni akaona trekta ilipo. Tangu utotoni sikuwa nimemwona mama akikimbia. Alikimbia, leso ikidondoka nyuma yake, akaenda kusimama mbele ya magurudumu.

"Zima hiyo kitu!"

"Kukhu," dereva alimwita, kama tunavyowaita nyanya zetu, "si simu ndiyo imesema nipite hapa."

"Basi hiyo simu ishuke, ije iniambie yenyewe."

Akazima. Mama akanigeukia.

"Ndugu yako hakukuonyesha?"

"Kunionyesha nini, mama?"

Alinieleza pale pale juani, bila kukaa. Kabla yetu sisi wawili alizaa msichana. Aliishi siku nne. Hawakumjengea kaburi. Wanawake walimzika asubuhi, wakarudi jikoni, na tangu hapo hakutajwa tena. Baba alimwonyesha kaka yangu siku alipoanza kulima na ng'ombe, ili ajue mahali pa kuinua plau. Mimi nilikuwa shule ya bweni. Baadaye baba akafariki.

"Ni wapi hasa?" nikauliza.

Mama akatazama chini. Palikuwa na katani, akasema, lakini katani iliungua. Palikuwa na jiwe.

"Ni hapa." Akasogea hatua tatu. "Ama hapo. Ndugu yako ndiye alikuwa anajua. Mimi nilimwachia."

Nilitoa simu nikalitafuta lile pindo, ingawa nilijua halipo. Miaka yote nimewaambia watu kwamba chombo hiki kinakumbuka kuliko kichwa. Kilikuwa kimekumbuka kweli, hadi mimi nilipokisahaulisha.

Mbele yetu udongo uliogeuzwa ulikuwa bado na unyevu, umeachama, na ndege weupe walikuwa wameshatua kuokota wadudu. Sikuweza kuwaangalia. Dereva alishuka akavua kofia.

"Madam, haki ya Mungu, plau haikugonga kitu. Ingegonga ningesikia."

Alitaka kututuliza. Mama akamtazama bila hasira.

"Mtoto wa siku nne, mwanangu, atagonga plau kwa kitu gani?"

Mama alipita kwenye mtaro wa plau, akainama, akashika bonge la udongo, akaliangalia, akalirudisha kama lilivyokuwa. Halafu akasema, "Acha mahali pakubwa."

Ilibidi nichore mpaka mpya. Kaka yangu aliacha kipande kidogo kwa sababu alijua. Sisi tulihitaji kikubwa kwa sababu hatukujua. Nilianza kutembea, simu mkononi, mama nyuma yangu, na mitaro yote miwili nikaiacha nje ya shamba. Kila nilipofika mahali nilipodhani patatosha na kutaka kukata kona, nilisikia sauti yake:

"Bado. Zidi kidogo."

Nikazidi. Tuliupita mtaro wa mwisho, tukaingia kwenye mabua makavu ya mahindi ya kaka yangu, yaliyokuwa hayajaguswa.

"Zidi, mama," akaniambia kwa upole, kama anavyoniita akinihurumia.

Nilizidi, nikiweka mguu chini taratibu, kwani hata huko sikujua ninamkanyaga nani.