Baiskeli Baada ya Kisu

Siku ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu, ni ile niliyoanguka mbele ya mizani ya maharage kule Nakivale, jua la saa saba likinichoma utosini na soko zima likinitazama. Nimekuita hapa nikusimulie, maana nasikia tangu utoke hospitali kupunguzwa tumbo unashinda ndani umeshusha pazia, na ile baiskeli aliyokununulia baba yako sasa inaanikiwa nguo. Usinune. Mimi nilifanya upuuzi mkubwa kuliko huo, na nilikuwa mtu mzima mwenye duka.

Wakati huo nilikuwa sijatimiza miaka arobaini, umri ambao nikiutazama leo nauona ni ujana mtupu. Nilikuwa nanunua maharage na mahindi kwa wakulima wa kambi ya Nakivale, wengi wao wakimbizi kutoka Kongo, nikiyaleta kuuza hapa Mbarara. Na nilikuwa mnene. Unene wangu haukuja wenyewe, ulitengenezwa. Kabla sijaolewa nilipelekwa kwa Shangazi Mariamu, dada wa marehemu baba, nikanyweshwa maziwa asubuhi, mchana na jioni mpaka bangili zikagoma kutoka mkononi. Ndivyo bibi harusi alivyoandaliwa kwetu, na siku ya harusi watu walimsifu shangazi kuliko walivyonisifu mimi. Nikaingia kwa mume wangu nimenona, na kila mwaka nikaongeza. Naye akafurahi, kwa kuwa mke mnene ndiye aliyemtangaza kuwa anajua kutunza.

Furaha hiyo ilikomea magotini. Kisukari kikaja, presha ikafuata, miguu ikavimba, nikawa nasali nimekaa kwenye kiti wakati wenzangu wa rika moja wanasujudu. Daktari hapa mjini akaniambia bila kuzunguka kwamba nikiendelea hivyo watoto wangu watalelewa na mwanamke mwingine. Kaka yangu aliyekuwa akiishi Nairobi ndiye aliyepata habari za madaktari wanaopunguza tumbo la chakula. Nikaenda, nikapasuliwa, nikapona. Yule daktari wa Nairobi, kijana mpole, akaniambia kisu kimemaliza kazi yake na sasa ni zamu ya miguu yangu. Nile kidogo, nitembee kila siku, na nikishapona sawasawa nianze kuendesha baiskeli, maana magoti yangu yasingeweza kukimbia. Akanionya kwamba nikibweteka, unene utarudi na kisukari kitarudi nao, na kumpasua mtu kwa mara ya pili si jambo la kukimbilia.

Nikarudi nyumbani na siri. Hapa Mbarara aliyejua ni mume wangu tu. Wengine wote niliwaambia nilikwenda kumtembelea kaka. Ningewaambiaje watu kwamba nimekwenda kufunguliwa tumbo ili nipungue, wakati wao wanamwomba Mungu awanenepeshe?

Miezi ikapita, mwili ukaanza kushuka, mashavu yakaingia ndani, na macho ya watu yakanifuata kila duka. Wewe umezaliwa juzi, hujui. Ukimwi ulipoingia nchi hii tuliuita slimu, kwa jinsi ulivyowakondesha watu, na watu wa makamo yetu wakimwona mtu anapungua haraka hawaulizi anakula nini. Wanaulizana mumewe analala wapi.

Shangazi Mariamu hakunong'ona na mtu. Yeye alikuwa amezika wanawe wawili kwa ugonjwa ule, na wote wawili walianza kwa kuingia mashavu kama mimi. Akawa anakuja kwangu kila asubuhi na chombo cha maziwa, anakaa mbele yangu, ananitazama mpaka nimalize. Nami badala ya kumwambia ukweli nikawa nakunywa. Maziwa hayana mfupa, mwanangu, yanapita hata kwenye tumbo lililokatwa, na ukiyanywa kidogo kidogo kutwa nzima unajikuta umekausha chombo.

Halafu nikatafuta ujanja wa kufunga midomo ya watu. Unajua mwanamke akivaa gomesi, lile gauni letu refu la mkanda, hufunga kikoi ndani ili nyonga zijae. Mimi nikafunga vitatu, na siku za soko nikazungushia na shuka. Ukinitazama kwa mbali ungesema ni yule yule wa zamani. Lakini mtu aliyejifunga hivyo hatembei, anajikokota. Na baiskeli ndiyo usiseme. Hapa mjini baiskeli ilikuwa ya wanaume kubebea matoke, na mwanamke wa heshima alikaa nyuma, miguu upande mmoja. Nilipokwenda kupimwa, uzito uliokuwa umeshuka ulikuwa umeanza kupanda tena, na sukari imepanda nao. Niliogopa sana. Nilikuwa nikiwatazama watoto wangu wanakula nami nawaza kwamba nimepasuliwa bure.

Ndivyo nilivyokwenda Nakivale siku ile, nimejifunga kama furushi, jua kali, tumboni nina maziwa matupu. Nikasimama kwenye mizani, nikaona giza, nikaenda chini.

Aliyeninyanyua ni Mama Byamungu, bibi wa Kikongomani kutoka Kivu ya Kusini, ambaye nilikuwa nikinunua maharage yake kwa miaka mingi. Alikuwa amepita sitini, mwembamba, mkavu, shemasi wa kanisa lao, na mikono yake ilikuwa na nguvu kuliko ya mume wangu. Yeye na wanawake wenzake wakaniingiza nyumbani kwake, na yeye akafungua mkanda wa gomesi nipate hewa. Akatoa shuka. Akatoa kikoi. Akatoa cha pili, akatoa na cha tatu, na wale wanawake wakaanza kushikana mabega kwa kicheko. Akawatoa nje wote, akafunga mlango, akanipa maji, akakaa.

Nikamweleza yote. Ukiacha mume wangu na kaka, alikuwa mtu wa kwanza kuambiwa, na sijui kwa nini ilikuwa rahisi kumwambia yeye kuliko ndugu zangu wa hapa. Alisikiliza huku akivikunja vile vikoi kimoja kimoja, kisha akaniuliza:

"Zaituni, batu bakisema uko mugonjwa, ile maneno itakuua?"

"Hapana, mama."

"Na hii sukari?"

"Itaniua."

"Basi weye unaogopa ile haiui. Na ile inaua, unaipatia maziwa kila asubuhi."

Hakunigombeza zaidi ya hapo. Niliona aibu, kisha nikalia, kisha nikacheka, maana alivyosema ndivyo ilivyokuwa. Akaniambia soko lijalo nivae patalo chini ya gauni, yaani suruali, kwa kuwa yeye ana kinga nyuma ya nyumba. Kinga kwao ndiyo baiskeli. Nilidhani ni ya mwanawe. Kumbe ni yake mwenyewe, aliyoitumia kwenda kuwaombea wagonjwa kambi nzima, maana kwao katika uwanda wa Ruzizi wanawake wa kanisa lake walizoea kuendesha tangu usichana.

Siku za soko zikawa siku za shule. Tulikwenda kwenye njia tambarare iliyo karibu na ziwa, yeye akikimbia nyuma yangu ameshika kiti, gauni lake amelichomeka kiunoni. Nilianguka kwenye viazi vya watu, nikaanguka mbele ya kanisa, nikaanguka mbele ya mzee mmoja wa Kirundi aliyeniambia pole kwa heshima kubwa kisha akaenda kucheka nyuma ya nyumba yake. Mwanzo nilikuwa nikipiga pedali kidogo moyo unataka kutoka, nashuka, napumzika, napanda tena. Yeye alikuwa na neno moja tu, "polepole, polepole," mpaka siku moja nikalisikia liko mbali, nikageuza shingo, nikaona ameniachia zamani, amesimama kule nyuma mikono kiunoni. Nilifurahi mpaka nikaingia tena kwenye viazi.

Vikoi nilishaacha kuvivaa nikiwa Nakivale. Nikirudi Mbarara nilivifunga tena. Mama Byamungu aliligundua hilo, akaniuliza kama sukari yangu inakaa Nakivale peke yake. Na alipojua habari za shangazi na wanawe aliowazika, uso wake ulibadilika kabisa. Aliniambia yule mama ananinywesha kwa sababu ananiona nakufa, nami namwacha aamini hivyo kila siku ya Mungu. Akasema hilo ni kosa kubwa kuliko vikoi, na nisirudi kwake kujifunza kitu kingine mpaka niwe nimekwenda kwa shangazi.

Basi nikanunua baiskeli yangu. Asubuhi moja, kabla shangazi hajatoka na chombo chake, nikavaa suruali, gauni la kawaida na mtandio, nikaifuata barabara ya Makenke bila kujificha, watu wakinitolea macho. Shangazi aliishi huko Makenke, karibu na kambi ya jeshi. Mumewe alikuwa askari, naye hakuhama alipofiwa, na Kiswahili chake kilikuwa cha kambini. Nyumba yake ipo juu ya mwinuko. Nikapanda, nikashuka, nikasukuma, nikapanda tena, nikafika mlangoni kwake natweta. Alikuwa ameshika maziwa. Nikamwambia kila kitu pale pale nimesimama, nikamwonyesha na makovu tumboni.

Alikasirika kwanza, na alikuwa na haki. "Wewe mtoto, kwa nini hapana kusema? Mimi kila usiku nafikiria sanda yako." Kisha akanitazama kwa shaka, kama mtu aliyewahi kudanganywa na wagonjwa waliomtaka asilie. Wanawe nao walimwambia si kitu. Akaweka chombo chini, akanyoosha mkono kuelekea bondeni. "Rudi chini. Panda tena. Mimi nataka kuona na macho yangu."

Nikateremka mpaka chini kabisa. Nikageuza baiskeli, nikapiga bismillahi, nikapanda. Safari hii sikushuka, mwanangu. Mapaja yaliwaka, jasho likaingia machoni, magoti yakalalamika, nami nikasimama juu ya pedali na kukanyaga nikimtazama yeye tu pale juu, amejishika kifua. Nilipofika alinikamata mabega, akanigeuza huku na huku, akaweka sikio mgongoni kwangu kusikiliza pumzi. Kisha akakaa chini mavumbini akalia kwa sauti, kilio ambacho nadhani alikuwa amekiweka tangu mazishi ya mwanawe wa pili.

"Wale wangu," akasema, "walishindwa kupanda hata kitanda."

Maziwa aliwagawia watoto wa jirani. Tangu siku hiyo yeye ndiye aliyewanyamazisha watu wa mji, akiwaambia wanaonong'ona waende Makenke wakapande kile kilima kwanza.

Sasa sikiliza, mwanangu. Kisu kilikupa nafasi, hakikukupa afya. Afya utaitafuta mwenyewe kila siku kwa miguu yako, polepole, kama daktari wako alivyokuelekeza, na siku ukichoka sana pumzika, kesho utoke tena. Kula ulichoambiwa, na anayekukaribisha kwa upendo mwambie kwa upendo kwamba umetosheka. Usijifiche. Watu watasema, nao watachoka kusema kabla wewe hujachoka kukanyaga. Na mama yako, anayekuchungulia kupitia tundu la mlango akidhani humwoni, mwambie ukweli wote leo hii, kisu kilifanya nini na daktari amesema nini, maana yeye haoni kupungua kwako, anaona kaburi. Kisha toa zile nguo juu ya baiskeli.

Mola akutie nguvu za mapaja na moyo usiokimbilia kukata tamaa. Jeraha lako likauke lisikusumbue tena, sukari ikae mbali na damu yako, na kila mwinuko utakaoupanda ukute juu yake mtu anayefurahi kukuona umefika. Haya, nenda, jua halijawa kali.