Mlango wa Pili wa Zahanati

Ipo siku moja, mwanangu Tusekile, ambayo hunijia kichwani kila nikiona watu waliovaa tai wakibishana kuhusu hospitali. Juzi imenijia tena, ulipotutumia ile video ya Bunge la huko Ireland unakofanya kazi ya uuguzi. Tuliitazama mimi na mama yako, simu tumeiegemeza kwenye debe la mchele. Kiingereza changu ni cha kuombea maji, wewe unajua, lakini ugomvi hauhitaji mkalimani. Bwana mmoja mwenye uso mwekundu alikuwa akipunga karatasi, akilalamika kwamba wagonjwa wanalala koridoni kwenye vitanda vya magurudumu. Waziri akasimama, akafunga kifungo cha koti, akajibu kwamba serikali imetumia fedha nyingi mno kwa huduma hiyo na fedha haioti kwenye majani. Upande wa pili wakaguna kama ng'ombe walioona chumvi.

Mama yako akauliza, "Huyo waziri amewahi kulala koridoni?"

Akanigeukia, akanitazama kwa lile jicho lake, kisha akaanza kucheka mpaka akashika mbavu. Wewe hujui alichokuwa anacheka, kwa sababu siku hiyo ulikuwa tumboni mwake. Na kwa kuwa umetuandikia kwamba wenzako wanakushawishi ugombee udiwani huko huko ugenini, kabla hujawajibu nisikilize kwanza baba yako.

Wakati huo nilikuwa fundi seremala kijana hapa hapa kwetu, upande wa Ngonga. Nilikuwa nimepata vitu viwili vipya, mke na redio. Naona aibu kusema, lakini redio ndiyo niliyoisikiliza zaidi. Vikao vya Bunge vikianza Dodoma, mimi naweka redio juu ya meza ya kazi, napiga randa huku nasikiliza mapambano ya bajeti. Nikajifunza kuomba mwongozo. Nikajifunza kutoa taarifa. Nikajifunza kwamba mbunge akimbana waziri husema atashika shilingi ya mshahara wake. Mteja akija kuulizia kitanda chake, namjibu kwamba suala lake ni la msingi na linafanyiwa kazi. Vijana wenzangu wakanipa cheo, wakaniita Waziri wa Fedha, na mimi, mwanangu, nikakipokea bila hata kuuliza mshahara.

Ndipo kijiji kikaamua kujenga zahanati. Halmashauri iliahidi mabati, dawa na nesi. Kuta, milango na madirisha vikawa juu yetu wenyewe, kila kaya itoe mchele na nguvu zake. Wazee wakaleta mchoro wao, na mchoro ule ulikuwa na milango miwili, mmoja mbele na mwingine nyuma, na ukuta katikati.

Hapa nikueleze jambo, maana wewe umekua mila zimelegea. Enzi zile mkamwana wa Kinyakyusa alikuwa hakutani na baba mkwe. Hamwangalii usoni, hataji jina lake, hakai naye chumba kimoja. Akimwona kwa mbali anaiacha njia na kujitoma shambani, hata kama matope ya mpunga yanamfika magotini. Haikuwa chuki, ilikuwa heshima, na baba mkwe naye alikuwa na wajibu wake: akikaribia kona sharti akohoe. Ukisikia kikohozi kijijini hukuwahi kujua kama ni kifua au ni adabu. Ndiyo maana wazee wakataka milango miwili, mkamwana aweze kuugua na mkwewe aweze kuugua, wote siku moja, bila mtu kukimbilia shambani.

Asubuhi ya mkutano mama yako aliniwekea uji mezani akasema, "Baba, mlango wa nyuma msiuguse. Mimi siwezi kufika mkutanoni, mkwe atakuwepo. Unisemee."

Nikamjibu, "Mama, mambo ya bajeti ni mazito."

Akanitazama kidogo, akauchukua uji, akampelekea mbuzi.

Mkutanoni nilivaa koti la harusi. Jua lilikuwa kali, jasho linanitiririka mpaka kwenye viatu, lakini sikulivua. Nilisimama nikasema, "Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba mwongozo wako." Mzee Gwamaka, mwenyekiti wetu, akasema mwongozo hana, ana filimbi tu. Nikaendelea. Nikauliza jengo moja linataka milango miwili ya nini, kwani ugonjwa unaingia mbele na kutokea nyuma? Nikasema huo ni ubadhirifu. Nikapendekeza tuondoe mlango wa pili, tuondoe ukuta wa katikati, na nondo za madirisha nazo tuziondoe, kwa maana nani ataiba sindano. Zile mbao zitakazobaki, nikasema, tutengeneze bango kubwa la zahanati, lisomeke toka barabarani, lenye majina ya wanakamati.

Katibu wa kamati nilikuwa mimi.

Babu yako, Mzee Ambokile, akasimama taratibu. Alikuwa mtu wa maneno machache. Akasema, "Mwanangu, wewe ndiye seremala. Mlango ukiondoka, kazi yako pia imeondoka. Hata hilo hulioni?"

Nikajibu, "Mheshimiwa Baba, maslahi binafsi tuyaweke kando." Vijana wakapiga makofi. Nikazidi kupanda. "Mila haitibu mtu! Malaria haiulizi nani mkwe na nani mkamwana!" Makofi tena. Nikatishia kwamba mchoro usipobadilishwa nitashika shilingi ya mwenyekiti. Mzee Gwamaka akasema kwa unyonge kwamba tangu awe mwenyekiti hajawahi kulipwa hata senti, kwa hiyo nikiipata hiyo shilingi nimpelekee nyumbani.

Tukapiga kura kwa mikono. Nikashinda. Siku ile nilitembea kurudi nyumbani kama mtu aliyemkomboa mtu utumwani, na chakula cha jioni nilikipika mwenyewe, maana mama yako alikuwa ameshasikia.

Basi, zahanati ikajengwa. Mlango mmoja, chumba kimoja kikubwa cha wagonjwa, na ndani kabisa, mpaka ukivuke hicho chumba, ndipo chumba cha kujifungulia. Bango likasimama mbele, rangi nyeupe, herufi nyekundu, jina langu chini yake kubwa kuliko neno "dawa". Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mimi nilikuwa sijaugua.

Zikaja mvua za masika, zile za kwetu zisizojua kupumzika. Babu yako akashikwa na malaria kali, tukampeleka zahanati, Nesi Atupele akamtundikia dripu la kwinini. Amelala pale karibu na mlango, chupa inaning'inia juu ya kichwa chake. Asubuhi yake uchungu ukamshika mama yako.

Nilimkokota kwenye mvua mpaka uwanja wa zahanati. Tulipofika karibu na mlango tukasikia kikohozi. Mama yako akasimama ghafla.

"Humo yumo mkwe."

"Mgonjwa, mama. Amelala. Wala hatakuona."

"Siingii."

Akanichomoka mkononi, akaingia kwenye migomba nyuma ya jengo, akapiga magoti kwenye maji. Nilimsihi. Nilimkumbusha kwamba malaria haiulizi nani mkwe. Akasema, kati ya uchungu na uchungu, nirudie tena hayo maneno akishajifungua, akiwa na nguvu za kunijibu. Nesi Atupele akatoka amejifunika mfuko wa mbolea kichwani, akamtazama, akarudi uso umebadilika. Akaniambia, "Huyu mtoto yuko njiani, na huyu mama anatetemeka kwa baridi. Ukichelewa utawapoteza wote wawili. Mlango mwingine uko wapi?"

Niliogopa, mwanangu. Sijawahi kuogopa hivyo tena maishani. Nilitazama ule ukuta wa nyuma, mzima, mzuri, usio na mlango, nikatamani kuutoboa kwa meno.

Nikakimbilia ndani. Nikamwambia babu yako yote kwa pumzi moja, kisha nikatoa hoja kwamba tumfunike shuka gubigubi mpaka mama yako apite.

Akasema, "Mimi sijafa bado."

Akajiinua kwa kiwiko, amedhoofu, midomo imekauka. Akautazama mlango. Mlangoni asingeweza kutoka, kwani ndiko mkamwana angepita. Akalitazama dirisha la pembeni. Halikuwa na nondo. Hilo, mwanangu, ndilo punguzo langu pekee lililowahi kumfaa mtu.

Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Siku ile mimi ndiye sikusikia, na mkuu ndiye aliyekaribia kuvunjika guu. Mzee mwenye wajukuu, mzee wa kanisa, alipandishwa dirishani nikimsukuma kwa bega, huku nimeinua chupa ya dripu kwa mkono mmoja. Alipokuwa katikati, mguu mmoja ndani na mmoja nje, shuka imenasa kwenye msumari niliougongomea mimi mwenyewe, akatulia, akanigeukia.

"Mheshimiwa Waziri," akasema, "hili dirisha lilipitishwa na kikao kipi?"

Nesi Atupele alicheka mpaka akaegemea ukuta, halafu akatoka mbio kumfuata mama yako.

Babu yako nilimkalisha kwenye kigogo upande wa pili wa jengo, upenuni, nikasimama pembeni na chupa nimeinua juu. Mkono ukafa ganzi. Mvua inatupiga miguuni. Tukatega masikio upande wa ndani. Kisha akasema kwa sauti ndogo:

"Gwe mwanangu, siku ile ulisema vizuri kutushinda sote. Hata mimi nilitaka kupiga makofi. Lakini ulihesabu mbao ukasahau watu. Na wenye ule mlango hawakuwepo mkutanoni. Walikuwa kwenye migomba, wanangoja sisi tuondoke ndipo wapite."

Nilitaka kumwomba radhi, maneno yakakataa kutoka. Mimi, mwenye maneno ya Dodoma nzima.

Ndipo ukalia. Ulilia kwa sauti kubwa, bila kuomba mwongozo wa mtu. Babu yako akafumba macho akamshukuru Mungu, "Ndaga, Kyala." Machozi yalikuwa yanamtoka, na mimi yangu nilisingizia mvua. Kisha akafungua jicho moja.

"Naona walioafiki wameshinda," akasema.

Kumbe na yeye alikuwa akisikiliza redio yangu siku zote, kupitia ukuta wa karakana.

Tukakuita Tusekile, yaani tumefurahi. Mvua ilipokatika niliutoboa ukuta wa nyuma kwa mikono yangu, bila malipo, wala sikuitisha kikao. Mbao hazikuwepo, kwa kuwa nilikuwa nimezimalizia kwenye bango. Basi nikalishusha bango, nikalikata, nikaunda mlango. Kwa haraka niliyokuwa nayo nikaupachika kichwa chini, jina langu limepinduka. Kwa miaka mingi wanawake wa kijiji hiki wakaingia kujifungua kwa kulisukuma jina langu kwa kiganja, wengine kwa goti, na mama yako, kila alipompeleka mtoto kliniki, kwa teke.

Sasa, mwanangu, neno langu ni hili. Ukienda kukaa na hao wanaopanga fedha za umma, usidharau kubana matumizi. Kuna ubadhirifu wa kweli duniani, na bango langu lilikuwa mmojawapo. Lakini kabla hujanyoosha mkono kukata huduma yoyote, nenda ukakae pale inapotolewa, siku nzima, kwenye benchi la wanaongoja. Halafu ukirudi kikaoni, tazama viti vyote, ujiulize ni nani hayupo na nini kimemzuia kuja. Huyo ndiye mwenye mlango. Umsemee huyo. Na nyumbani kwako, mtu akikuwekea uji akakuambia jambo, sikiliza kabla uji haujaenda kwa mbuzi. Makofi ni matamu, mwanangu, ila hayajawahi kumzalisha mtu.

Zahanati ile ya zamani ilibomolewa, ikajengwa mpya yenye milango mpaka ya ziada. Mlango wangu nikauomba, nikaubeba mgongoni mpaka nyumbani. Ulipokuwa sekondari ulikuwa ukiniuliza kwa nini mlango wa chumba chako una herufi nyekundu zilizopinduka, nami nikawa nakutuma ukachote maji. Leo nimekujibu. Ukija likizo utaukuta, na mama yako ameupaka mafuta bawaba.

Kyala akutangulie kwenye kila nyumba utakayoingia, akupe masikio makubwa kuliko mdomo, na popote utakapofika ukiwa umechoka na umelowa, ukute kuna aliyekukumbuka, akakuachia mlango.