Likelemba ya Kurasa

Mimi si mtu wa kuamka vizuri. Ukinisalimia kabla sijanywa chai, usinilaumu. Kwa hiyo nilipokubali kwenda kila asubuhi saa kumi na mbili kuandika pamoja na watu wengine wanne, majirani walicheka hadi machozi. "Wewe? Na kalamu ya biki? Tutaona!"

Tulikutana mtaani Katindo, barazani kwa mwalimu mmoja mstaafu, mama mwenye sauti ya kunyamazisha darasa zima. Kulikuwa na fundi wa pikipiki, muuguzi, na mama anayeuza makala, makaa ya kupikia, kutoka Munigi. Mimi nashona nguo. Nusu saa, kaye, yaani daftari, juu ya magoti, kisha kila mtu anakimbilia kazi yake. Ila tulikuwa na sheria yetu. Kama vile wamama wa soko wanavyofanya likelemba, wanachanga na kumpa mmoja wao kwa zamu, sisi tulichanga kurasa. Wiki yako ya kula ikifika, wote wanaandika kile unachohitaji wewe. Muuguzi alikula nyimbo za arusi ya mdogo wake. Nyingine zilikuwa mbaya, Mungu atusamehe, lakini ziliimbwa zote.

Mimi nilitaka kitu kimoja: maisha ya baba yangu. Muzee aliuza samaki wa chumvi kutoka Vitshumbi miaka mingi, akanilea peke yake, maana mama alifariki nikiwa bado nanyonya. Sasa akili ilikuwa inamtoka. Leo anasahau njia ya kanisani, kesho anasahau kwamba amekula. Niliogopa, nasema wazi. Niliogopa ataondoka na kila kitu, nami nibaki na ile habari moja tu ya shangazi zangu wa Butembo, kwamba kaka yao alikuwa mzembe, aliacha mzigo mzima wa samaki upotee njiani. Hata mimi nimewahi kumrushia maneno hayo tukigombana.

Nilikuwa namhoji kama askari wa kizuizini. "Papa, mwaka gani? Papa, ulikuwa na nani?" Naye: "Ah, mama, hayo ni ya zamani. Bugali iko tayari?" Kaye ikabaki nyeupe. Nikaanza kukosa kwenda: siku moja, siku tatu, wiki. Kwa aibu nikasema nina nguo nyingi za kushona.

Asubuhi moja nikasikia hodi. Wote wanne, na kaye zao. Mwalimu akasema, "Huji, basi sisi tumekuja. Leta viti." Wakaandika uwanjani kwangu, miguu juu ya mawe yetu meusi ya volkano, mimi nikiwa bado na kitenge cha kulalia. Kesho yake tena, na kesho kutwa. Utamfukuzaje mtu aliyekuja kukaa kimya pamoja nawe? Nikaandika.

Ikafika wiki yangu ya kula. Fundi akasema wao wenyewe wataketi na muzee. Hasira ikanipanda. "Mimi mutoto wake hajaniambia kitu, nyinyi ndio atawaambia?"

"Mama," akanijibu kwa upole, "baba hawezi kuambia mutoto wake vile alilia. Ataambia mugeni."

Nikaingia jikoni nikigonga sufuria makusudi. Lakini kelele zangu hazikufunika sauti ya muzee. Alikuwa anaongea! Baba yangu, mtu wa maneno matatu kwa siku, anaongea, anacheka, anaiga mlio wa kiboko. Weh! Nilikaa chini kando ya jiko la makala, mikono ina majivu, nikamsikiliza kama mtu nisiyemjua.

Jumamosi waliniachia kurasa ishirini na nne. Watu wenye kazi zao na taabu zao, ambao mji huu haujawapa hata siku moja ya kupumzika, walikuwa wamekaa asubuhi sita kumwandika baba ya mtu mwingine. Nilizishika kwa mikono miwili, nikaanza kusoma palepale.

Ukurasa mmoja wa fundi ndio ulioniangusha. Lori la samaki liliharibika katikati ya mbuga ya wanyama, mbali kabla ya kufika Rutshuru. Muzee alikuwa na mtoto mgonjwa mgongoni, joto la homa likimchoma muzee hadi kupita shati. Wenzake wakamwambia angoje, akiacha mzigo hataukuta. Akauacha. Alitembea mchana mzima katika njia ya simba na tembo, akilia kwa sauti, akimwimbia mtoto nyimbo za kanisa kwa sababu hakujua nyingine, hadi alipofika lopitali. Mtoto alikuwa na mwaka mmoja, na muzee hakuwahi kuwa na mtoto mwingine zaidi yangu.

Miaka yote hiyo shangazi wanamcheka, mimi namrushia maneno, naye kimya! Angesema neno moja tu tungenyamaza sote. Labda hakutaka nikue nikijua kwamba mimi ndiye niliyemfilisi. Nililia hadi mteja aliyekuja kuchukua gauni lake akarudi nyumbani bila kuuliza.

Tangu hapo sijakosa asubuhi hata moja.

Juzi muzee aliamka hanijui. Aliniita dada, akaniuliza mwenye nyumba yuko wapi. Nikachukua ule ukurasa wa fundi, nikamsomea polepole. Alisikiliza ameinama mbele, kama anayepewa habari za mtu wa mbali, na nilipofika kwenye njia ya simba akanishika mkono kwa nguvu.

"Na ule mutoto," akaniuliza, "alipona?"

"Alipona, papa."

Akashusha pumzi, akafuta macho kwa kofia yake. "Aksanti Mungu," akasema. "Ule baba angekufa."