Lengo Alilojiwekea Wangechi

Mwanangu, juzi uliniambia umepewa darasa la nne pale Karatina, na tayari umebandika ukutani malengo ya insha ya muhula mzima. Nilicheka. Kisha nikakumbuka muhula wangu wa kwanza kule Mweiga, nikiwa mwalimu wa miaka ishirini na mitatu, na kicheko kikaniishia.

Nilikuwa nimewapangia watoto kila kitu. Insha iwe ukurasa na nusu, methali tatu, tashbihi mbili, na ule mwanzo wa kukariri, wa jua kuchomoza na ndege kuimba. Mweiga yenyewe asubuhi ni ukungu mtupu, jua hulioni mpaka saa nne! Lakini darasa langu zima liliamshwa na ndege, nami nikajiona mwalimu hodari.

Wangechi peke yake hakufikisha. Alikuwa msichana mpole wa nyumba ya wakulima wa viazi. Kila Ijumaa nilimrudishia daftari likiwa jekundu kwa kalamu yangu, na chini nimeandika: Hujafikia lengo. Wiki ya tano akaleta ukurasa mtupu. Nikamsimamisha mbele ya wenzake. Jumatatu hakuja shule. Jumanne pia hakuja.

Mwalimu Mueni, mama mtu mzima kutoka Machakos aliyefundisha darasa la jirani, alilifungua lile daftari akaniuliza, "Haya malengo ni ya nani?"

"Ni ya darasa."

"Darasa lilikaa lini likayapanga? Haya ni yako, Mwalimu Wambui. Enda urudishe mtoto wa watu."

Niliona haya, mwanangu, na niliogopa zaidi. Nilipanda kilima cha kwao nikijua kwamba akikataa kurudi, ni mimi niliyemfukuza shule. Nilimkuta zizini na nyanya yake, cucu kama alivyomwita. Hakuniangalia. Nikachutama kwenye matope na viatu vyangu vya kanisani, nikamwuliza swali ambalo sikuwahi kumwuliza mtoto yeyote: yeye mwenyewe alitaka insha yake ifanye nini?

Alimgeukia ng'ombe aliyesimama kando yake. Mwishowe akasema, "Mwalimu, nataka mtu akisoma aone hii ng'ombe yetu. Si ng'ombe yoyote. Hii."

"Na utajuaje umefaulu?"

"Nitasomea cucu, nisimwambie ni ng'ombe gani. Akiijua, basi."

Jumatano akaja, akaandika mistari saba tu. Hakukuwa na jua wala ndege. Kulikuwa na ng'ombe mwenye sikio lililokatika, anayelamba kufuli ya mlango akitaka chumvi. Alhamisi asubuhi alinijia mbio, daftari mkononi. "Mwalimu! Cucu ameijua kwa mstari wa pili!"

Nilienda nyuma ya ofisi nikalia kwa kufarijika, nikapumua vizuri kwa mara ya kwanza wiki hiyo.

Kwa hivyo bandua zile karatasi zako. Kaa na kila mtoto, hata dakika mbili, umwulize anataka insha yake ifanye nini na atajuaje imefanya. Aliandike lengo hilo kwa mkono wake mwenyewe. Nukta na herufi kubwa utamwongezea wewe, hazikimbii. Anayejiwekea lengo dogo usimcheke, wiki ijayo ataliongeza bila kuambiwa.

Mungu akubariki, mwanangu, akupe watoto wa kukujia mbio asubuhi kukuambia wamefika.