Moshi Kwanza

Mama yangu amepika uunsi tangu kabla sijazaliwa. Sukari huyeyushwa, ikachanganywa na udi na manukato. Ikipoa huvunjwa vipande vya kutiwa kwenye chetezo. Hata noti zake hunukia, na wauza mboga wa soko la Garissa huzitambua bila kuambiwa. Kibandani ana sharti moja: bei haitajwi mpaka mteja ajifukize, shungi lishike moshi, naye aridhike. Anayetanguliza kuuliza bei hujibiwa kwa salamu.

Mwaka jana wateja walipungua. Maharusi huagiza kila kitu kwa simu siku hizi, hata hina. Mama akasema Ramadhani ikiisha na hali ni ile ile, sufuria yake ataigawa. Niliogopa, maana mama hatishii. Mimi ni karani, sijui kuuza hata kiberiti, lakini nilipiga picha makopo yake ya uunsi nikayaweka mtandaoni, pamoja na bei na namba ya simu yake ya kulipia.

Siku ya tatu simu yake ikalia. Bibi harusi wa Mombasa alikuwa amelipia makopo sita! Nikapiga kigelegele.

"Amenusa wapi?" mama akaniuliza kwa Kisomali.

"Hajanusa. Ameona picha."

"Basi amenunua nini?"

Nilicheka, nikaenda kupika chai. Niliporudi, alikuwa amemwomba jirani amsaidie, na pesa zote zimerudishwa Mombasa. Nilimwambia maneno ambayo binti hamwambii mama yake. Yeye alikuwa akifunga vipande vitatu, kila kimoja na mchanganyiko wake, katika vitambaa: cha kwanza fundo moja, cha pili mawili, cha tatu matatu, avipeleke kwenye basi la Mombasa.

Bibi harusi akapiga simu, sauti imejaa machozi. "Mama, mbona umenirudishia? Sifai kuuziwa?"

"Abana, mwanangu," mama akajibu kwa Kiswahili chake cha sokoni, ambamo p hugeuka b. "Natuma tatu, bila besa. Wewe choma, nusa, halafu tuongee bei."

Siku mbili baadaye bibi harusi alipiga tena, chetezo chake tayari kina makaa. Mama akataka avichome hapo hapo, simu ikiwa wazi. Mpaka leo najiuliza alitarajia kusikia nini. Lakini nami nilisogea, nikajikuta nimeinamisha pua badala ya kutega sikio.

Kwanza tulisikia kikohozi. "Hii kali, mama."

"Toa hiyo. Weka ya mafundo mbili."

Nikasikia nguo ikikung'utwa, kisha pumzi ndefu. Moyo ulinidunda kana kwamba naolewa mimi.

"Dada!" bibi harusi akamwita mtu nyumbani kwao. "Njoo unuse shungi langu!" Kisha akarudi kwetu, taratibu. "Ni hii, mama. Ni hii."

Mama akanigeukia. "Mtajie bei."

"Anaijua, si imeandikwa?"

"Mtajie."

Nikamtajia. Mama akasubiri mpaka simu ilipolia, malipo yameingia, akaichukua, akaipeleka puani kama anavyofanya na kila noti.

"Hii pesa hainuki," akasema, "lakini sasa ni halali."

Kisha akanituma sukari.