Kiangazi Kasisi Heini Alipolala Kanisani

Ilikuwa mwaka wa sabini na nane. Hapana, nimekosea, sabini na tisa, maana ule wa sabini na nane nyasi zilioza zote kwa mvua, na kiangazi ninachosimulia watu walivuna nyasi kavu huku wakiimba. Basi ndicho kiangazi Kasisi Heini alichoshuka kwenye mashua ya barua pale Hamravík, kaskazini mwa Visiwa vya Faroe, na begi moja mkononi na uso wa mtu aliyetoka kuugua.

Hakuwa mgonjwa. Alikuwa amechoka, uchovu ule usioondoka kwa kulala usiku mmoja. Usharika wake wa kusini ulikuwa na makanisa manne, na desturi yetu tangu zamani ni kwamba Jumapili ambayo kasisi hayupo, mzee wa kijiji husimama akasoma mahubiri kutoka kitabuni, watu wakaimba, wakaenda zao kula viazi. Heini alipopewa usharika, kijana mwenye damu inayochemka, aliona hiyo ni aibu. Akawaambia wazee wasomaji wakapumzike. Yeye atafika kila kanisa kila Jumapili. Na alifika kweli, kwa boti, kwa gari, kwa miguu kupitia mlimani huku joho limo mkobani. Miaka ikaenda hivyo. Mpaka Pasaka moja alipanda mimbarani, akafungua kinywa, maneno yasije. Akabaki anawatazama watu na watu wanamtazama, hadi bibi mmoja akaona huruma akaanzisha wimbo.

Mkuu wa Jimbo akampa mapumziko. "Ikifika sikukuu ya Olaf, mwisho wa Julai, nipe jibu," alimwambia. "Unarudi, au nitafute mwingine."

Moyoni Heini alikuwa na jibu tayari: harudi. Binamu yake mjini alikuwa na duka la rangi na alihitaji mtu.

Alipanga chumba kwa Billa, mjane mwenye ulimi mwepesi na mkono mzito wa siagi. Asubuhi ya kwanza Billa alimtazama akila, akashindwa kuvumilia.

"Mwanangu, unakula kama mtu anayewahi boti. Boti imeshaondoka. Kaa."

Jumapili akaenda kanisani kwa mazoea tu, akakaa nyuma kabisa. Msomaji wa Hamravík alikuwa Niklái, mzee wa kushona nyavu, mguu mmoja mbovu. Alisoma polepole, kidole juu ya mstari, na neno likimkwama alilirudia mpaka likakubali. Heini alingoja watu wageuke wamwangalie, kasisi mzima ameketi huku mzee anahangaika. Hakugeuka mtu. Kuta za mbao zilinuka lami na sweta zenye unyevu, sauti ya Niklái ikawa inaenda na kurudi, na Heini akalala. Si kusinzia, alilala fofofo. Alipoamka kanisa lilikuwa tupu, na mtu alikuwa amemfunika koti magotini.

Nje alimkuta Niklái ukutani, anavuta kiko.

"Nisamehe, mzee wangu. Nimelala kwenye mahubiri yako."

"Yangu? Ya kitabu hayo. Mimi mwenyewe hulala nikiyasoma."

Heini akacheka, kicheko kilichokwaruza koo kwa kukaa muda mrefu bila kazi.

Wiki zikapita. Alipindua nyasi zilizokatwa ili zikauke, akalala mchana kama mtoto, akala nyama ya kondoo iliyokaushwa kwa upepo. Lakini kila alipojaribu kuomba, ndani palikuwa pakavu, na duka la rangi likazidi kuonekana zuri.

Kisha ikaja siku ya kushusha kondoo kukatwa manyoya. Kwetu kijiji kizima hupanda mlimani na kujipanga mstari mrefu, kila mtu akimwona jirani yake wa huku na wa huku, halafu mstari wote unateremka taratibu huku kondoo wakiwa mbele. Kazi yako ni kushika nafasi yako, basi. Heini aliwekwa kati ya Niklái na Billa.

Hawajafika mbali, akamwona Niklái anachechemea kwenye mawe. Akakimbia kwenda kumzibia nafasi yake. Akageuka, akamwona Billa peke yake kwenye mteremko mkali; akakimbia kwa Billa, jasho linamtoka. Hapo ndipo mbwa alipobweka, na nusu ya kundi ikageuka ikapanda mlima, ikipitia palepale alipotakiwa awepo.

"We Heini!" Niklái alipiga kelele. "Uko wapi?"

"Niko kwa Billa! Nilidhani amezidiwa!"

"Nani kakuita?" Billa alimjia juu na fimbo. "Mlima huu naupanda tangu hujazaliwa! Hebu tazama ulikotoka. Wanapita kama watu wanaotoka kanisani!"

"Na kwangu ulifuata nini?" akadakia Niklái. "Nachechemea, ndiyo. Nachechemea tangu wakati wa vita. Kondoo hawajali."

Ilibidi wapande tena, waanze upya. Safari hii Heini alisimama. Sehemu yake ilikuwa jiwe moja, kijito, na ukungu unaokuja na kuondoka. Kushoto alisikia Niklái akipiga mluzi, kulia Billa akiwatukana kondoo kwa majina. Kondoo mmoja alimjia, akamkazia macho, akageuka akateremka. Wengine wakamfuata.

Jioni zizini, amepiga magoti, mikono imejaa mafuta ya manyoya, alijikuta anamshukuru Mungu kwa sauti. Akashtuka. Maneno yalikuwa yamekuja bila kuitwa, na nyuma yao mengine yalikuwa yanapanga foleni.

Kesho yake alipiga simu kutoka duka la kijiji.

"Narudi," alimwambia Mkuu wa Jimbo. "Ila nawarudisha wasomaji wangu. Mimi kanisa moja kila Jumapili."

"Na makanisa mengine?"

"Yana wenyewe."

Watatu kati ya wazee wale walirudi kwa furaha. Wa nne alikuwa ameudhika miaka mingi mno. Heini alimwendea, akamwomba radhi, akaenda tena, hakukubali, na kijiji kile kikatafuta msomaji mwingine. Heini alihubiri hadi mvi zikamjaa, na kila kiangazi alishukia Hamravík kuvuna nyasi.

Mimi ninachofikiria ni hiki. Hamravík walimwona kasisi wao mara chache sana kwa mwaka. Mwaka ule Heini alikaa nao kiangazi kizima, walijua fika yeye ni nani, na hakuna aliyemwomba hata sala ya mezani. Nimewauliza wengi: mlikaa mkakubaliana, au kila mmoja alijionea mwenyewe kwamba mtu huyu aachwe apumzike?