Atakayenisimamia Kandara

Mtu mmoja tu anaweza kunisimamia ili nipokewe katika kanisa la Kandara, mtaa wa Jeddah, na ni yule yule aliyekuwa akiongeza sauti ya mpira kwenye runinga kila nilipopiga magoti.

Tuliishi chumba kimoja Murabba, Riyadh, sote madereva kutoka Kenya. Niliomba asubuhi na jioni, peke yangu, nikiamini inatosha. Yeye alinitania: "Pastor, niombee timu yangu bao moja tu." Kisha kafili wake, yaani mwajiri aliyemdhamini, akamhamishia Jeddah. Baada ya miezi michache akanipigia: ameokoka, na ana kanisa. Nilimpongeza. Nilipokata simu nilikuwa kama mtu aliyepanga foleni tangu alfajiri, akaona aliyechelewa anaitwa dirishani.

Mwezi uliopita nilimpeleka bosi Jeddah kwa shughuli zake, na Ijumaa akanipa mapumziko. Nikaenda Kandara kujionea.

Kanisa lenyewe ni sebule ya nyumba ya kupanga, mapazia yamefungwa, maana ibada ya Kikristo hairuhusiwi hadharani huku. Nilivua viatu nje ya mlango, kama nyumba yoyote. Mzee wa kanisa, fundi wa mabomba mwenye mvi, akatoka mbio kuviokota.

"Ndugu, unataka majirani wajue tuko wangapi?"

Kila mmoja alikuwa amepakata viatu vyake ndani ya mfuko wa plastiki. Walicheka. Mimi nilicheka kwa mdomo tu, kwa sababu mwenzangu ndiye aliyenitafutia mfuko, kama mwenyeji.

Waliimba kwa kunong'ona. Dada mmoja, mfanyakazi wa ndani, alishiriki kwa simu. Tulisikia maji yakimwagika kwenye sinki la madam wake. Mwenzangu aliishika simu hiyo juu muda wote, ili dada asikose wimbo. Mwenzangu alipougua tumbo, watu hawa walimpelekea uji kwa zamu na kumwombea kando ya kitanda. Mimi niliugua Riyadh, nikajiombea, nikapona. Hakuna aliyejua.

Kabla ya kuagana, kila mshirika hupewa mwenzake wa kumwombea na kumpigia simu wiki nzima. Nikasubiri wangu.

"Wageni hatuwapi," mzee akasema kwa upole. "Nikikupa mtu, lazima na wewe nikupe kwa mtu."

Miaka yote nilidhani kanisa ni mahali pa kuombea. Hapa niliona ni kukabidhiwa kwa watu, wakuulizie usipoonekana. Nilimtazama mwenzangu, nikakitaka alichonacho. Nikasema nataka kujiunga.

Kwa usalama wao, mgeni hapokewi mpaka mshirika aliyeishi naye amsimamie. Wote wakamgeukia mwenzangu.

"Kuomba, ananishinda mbali," akasema, akikunja mdomo wa mfuko wake. "Lakini Pastor, muda wote ule chumbani, ulishawahi kuniambia jambo lako lolote?"

Sikuwahi. Mzee akampa mwezi mmoja afikirie, amjibu siku ya Ijumaa, mimi nikiwa nimesharudi Riyadh.

Leo nimempigia simu, nikamwambia jino linanisumbua tangu Jumapili. Jambo la wivu wangu kwake nimelimeza. Akanipa pole, akauliza nimetumia dawa gani, akaniambia nisukutue kwa maji ya chumvi.

Ijumaa yenyewe ni kesho. Hakusema atamjibu mzee nini, nami sikumuuliza.